Maneno Ambayo Sikuyaandika

Dada Yanping ndiye aliyenifundisha kuandika kwa ngumi. Vidole vyangu havinyooki, na shule niliiacha darasa la tatu, darasa letu lilipohamishiwa ghorofani, ambako kiti changu cha magurudumu hakipandi. Akaniwekea kwenye simu vitufe vitano tu, vikubwa kama biskuti, kimoja kwa kila aina ya mstari unaochora herufi zetu za Kichina. Nikigonga mistari miwili mitatu, simu inakisia neno zima. Nikilichagua, inaniletea linalofuata, kwa kukumbuka yale iliyozoea kuandikiwa.

Kwa ngumi hiyo niliomba nafasi kwenye mafunzo ya kazi ya Mwalimu Tan, kule mjini Guiyang. Nikakubaliwa. Zilibaki siku tisa niende.

Asubuhi moja nikataka kumuuliza mwalimu kama mlango wa bweni unapitisha kiti cha magurudumu. Nikagonga "mimi". Simu ikaleta "sitakuja". Nikashangaa, nikaligusa. Ikaleta "tena". Kisha "nafasi". Kisha "mpe mwingine".

Hayo sikuwahi kuyaandika. Nikatafuta kwenye ujumbe niliotuma, sikuona kitu. Aliyeuandika alikuwa ameufuta, na ukiniondoa mimi, simu yangu hushikwa na Yanping tu.

Yanping alikuwa jikoni, anachemsha tambi za mchele.

"Dada, umemwandikia mwalimu?" Watu wengine hawaelewi ninavyoongea. Yeye anaelewa kila neno.

"Mwalimu gani?"

"Dada."

Akaweka mwiko chini. "Wale wa mafunzo walitaka uende na mtu wa kukusaidia. Mtu gani, Qiuxia? Mama, na mgongo ule? Ni mimi tu. Na harusi yangu ni mwezi ujao."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungelia. Ukilia wewe, nyumba nzima inaniangalia mimi kama mchawi."

"Umetumia jina langu."

"We nawe! Guiyang yenyewe hujawahi hata kuiona, unaililia ya nini?"

Nikarudi kwenye simu. Nikaandika mstari kwa mstari, karibu nusu saa: si mimi niliyekataa. Mwalimu Tan akajibu papo hapo. Pole sana, nafasi ilichukuliwa jana, jaribu mwakani.

Mchana Yanping akaja na bakuli, akakaa mbele yangu kama siku zote, akapuliza tambi zipoe.

"Fungua," akasema.

Nikakaza meno. Alisubiri, bakuli mkononi, hadi mvuke ukaisha. Mama alikuwa amekwenda kuchomwa sindano za mgongo, hatarudi hadi jioni, na mle ndani hakukuwa na mkono mwingine wa kunilisha.

Nikafungua mdomo.