Nyuzi za Manjano Kwenye Ua wa Ojuok

Aoko alirudi kutoka shuleni huku akilia. Upele ulikuwa umemjaa vidoleni, na hakuna mtoto aliyetaka kumshika mkono, ilhali wimbo wa mashindano uliimbwa watoto wakiwa wameshikana mikono.

"Mwalimu amesema nikipona nitaimba. Nisipopona, nitabaki nyumbani."

"Utaimba," nyanya yake, Dorca, ambaye alimwita Dani, akamwambia.

Alikumbuka dawa ya marehemu mama yake kule Awasi: ule mmea usio na mizizi wala majani, unaotambaa juu ya mimea mingine kama nyuzi za manjano. Mama aliuchuma kwenye ua wa miti uliozunguka boma, akauchemsha, akamwosha mtoto mwenye upele. Hapa Kombewa ua wa Dorca ulikuwa umefunikwa nao. Akachuma, akachemsha, akaacha maji yapoe, akamwosha Aoko mikono.

"Dani, inachoma!"

Mikono ikawa myekundu kama pilipili. Dorca alimsuuza kwa maji safi, machozi yakimtoka. Jirani yake aitwaye Wangu, muuza vitunguu sokoni aliyehamia hapo kutoka mbali, alisikia kilio akaja mbio na mafuta ya kupaka. Hakumcheka. Aliutazama ua, akauliza, "Mama, kwenu Awasi ua ulikuwa wa mti gani?"

"Wa nyabende, ile ya vitunda vyeusi ndege wanapenda..." Dorca akageuka kuutazama ua. Ua wake ulikuwa wa ojuok, mti wenye utomvu mweupe kama maziwa, unaochoma macho. Na mmea usio na mizizi utakula nini, kama si mti ulioukalia?

"Wangu! Nimemwosha mtoto kwa maziwa ya ojuok!"

"Basi hao wadudu wa upele nao wamelia. Chukua kikapu, twende."

Siku hiyo vitunguu havikuuzwa. Walitafuta mpaka karibu na ziwa, wakapata nyabende iliyovikwa nyuzi. Safari hii Dorca alijiosha yeye kwanza, akangoja hadi asubuhi, ndipo akamwita mtoto.

Aoko alifumba macho, akatumbukiza vidole. Akafumbua jicho moja. "Haichomi, Dani."

Wakaendelea kila jioni, mpaka upele ukakauka.

Siku ya mashindano Aoko alisimama katikati ya mstari. Msichana aliyezoea kumkimbia ndiye aliyenyoosha mkono kwanza, na Dorca akamwombea baraka hapo hapo. Waliimba mpaka mabati yakatetemeka. Matokeo yaliposomwa na shule yao ikawa ya kwanza, Wangu alipiga vigelegele vya kwao, Dorca vya kwake, hata mwalimu akawasihi wanyamaze ili ya pili nayo isomwe.

"Isomwe kesho!" Dorca akajibu.