Mluzi wa Saa Tisa

Alikuja nyumbani kwa baba yake kwa wiki mbili. Ndivyo alivyowaaga kazini, na begi alilobeba lilikuwa la wiki mbili kweli: magauni matatu, kandambili, na kitabu cha picha za ndege ambacho hakuwa akienda popote bila kukibeba. Sasa ni mwaka wa nne. Magauni yamegeuka matambara ya kufutia viwele, kandambili moja ilitafunwa na ndama, kitabu kimebaki.

Baba yake alipigwa na kiharusi akiwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, ndoo katikati ya magoti. Upande wa kushoto ukapooza na mdomo ukaenda pembeni. Mama alikuwa ameshatangulia zamani. Kaka yake, fundi wa matrekta, huonekana nyumbani Jumapili tu, tena akiwa na njaa. Mke wa kaka, yaani wifi yake, wakati ule alikuwa na mapacha wachanga, mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Nani akabaki? Binti asiye na mume wala mtoto, ambaye kila ukoo humwona kama mtu aliyekaa bure.

Ng'ombe walikuwa tisa, na walikamuliwa saa kumi na moja alfajiri na saa tisa alasiri, kila siku ya Mungu. Kati ya saa hizo mtu anaweza kwenda umbali wa kuwahi kurudi, basi. Harusi za rafiki zake alizila nusu: alikula wali, akaondoka kabla ya keki. Shangazi alipougua alimwona kwa robo saa, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Aliyesema kifungo kina kuta hakuwahi kufuga ng'ombe wa maziwa.

Siyo kwamba hakutafuta msaada. Mapacha walipoanza kutembea, wifi alijitolea kushika zamu. Wifi huyu ni mchapakazi, lakini mdomo wake haujui likizo. Alikamua huku akisimulia habari za jirani tangu mwanzo hadi mwisho, na ng'ombe wakabana maziwa wote tisa. Nusu saa nzima akapata kikombe kimoja na teke la paja.

"Wifi, hawa ng'ombe wako wana maringo jamani!" alisema akichechemea. "Mimi nimezaa mapacha, wao wananinyima maziwa!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini Baba, kutoka kiti chake cha barazani kinachotazama banda, alisema kwa ule mdomo wake mzito, "Wanakujua wewe, mwanangu. Hawamjui mwingine." Tangu siku hiyo hapakuwa na mjadala. Maneno yale yakawa ndiyo kufuli ya geti.

Kilichomtunza akili zake ni viumbe ambao hawakamuliwi. Alijua mbayuwayu wa darini wamerudi kabla hajawaona, kwa kinyesi kwenye sakafu. Alijua kenge wa birika la kunyweshea ng'ombe hutoka jua likishakolea, na kwamba yule yangeyange mwenye kidole kilichokatika humfuata ng'ombe mweupe tu na kumkimbia mweusi. Shashi, wale ndege wala kupe, walipotoweka migongoni mwa ng'ombe, ni yeye aliyegundua kwamba dawa mpya ya kupe ndiyo inayowaua, akaibadilisha, wakarudi. Yote haya aliyaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa banda, chini ya tarehe za kupandisha mitamba. Wifi alimwita Mama Ndege, na jina likashika.

Aliyempenda kuliko wote, na kumwonea huruma kuliko wote, alikuwa kitwitwi wa malishoni. Yule ndege mdogo alikuwa ametaga mayai kwenye alama ya kwato, katikati kabisa ya njia ya ng'ombe. Ng'ombe wakikaribia, anasimama, anatanua mbawa na kuyafokea majitu hayo. Angeweza kuruka akaenda zake. Alikuwa na mbawa nzima. Mama Ndege aliweka mawe matatu kuzunguka kiota, akawa anawapitisha ng'ombe pembeni, na asubuhi nyingine alisimama pale kumtazama mpaka machozi yakamlenga, akajiona mjinga.

Mtu mmoja aliusoma mlango ule wa chaki kwa makini. Alikuwa ofisa wa hifadhi ya ndege, aliyepita kuomba maji siku alipokuwa akizunguka kinamasi cha bondeni. Alisoma kuanzia juu hadi chini, glasi mkononi, bila kunywa. Miezi miwili baadaye, siku ya Jumatatu, barua ikafika: kazi ya kuhesabu ndege, ziwani, safari ya siku nzima kwa basi. Aripoti Jumatatu ijayo. Asipofika, nafasi inakwenda kwa anayemfuata.

Alimsomea Baba barua hiyo mara mbili.

"Nenda, mwanangu," alisema Baba. Akatazama banda. "Wataumwa viwele tu. Wanakujua wewe."

Alikunja barua akaificha ndani ya kitabu cha ndege, ukurasa wa korongo. Siku tatu zilizofuata alikamua akiwachukia wale ng'ombe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alhamisi, saa tisa kasoro, ndama mmoja alitumbukia mtaroni. Kumtoa kulichukua muda. Alipokuwa akikimbia kurudi, matope mpaka magotini, alisikia mluzi bandani. Ulikuwa mluzi wake mwenyewe: sauti tano, ya mwisho ikishuka. Huo huupiga kila anapoosha viwele, bila kufikiri, kama mtu anavyokohoa. Baba alikuwa akiupiga hivyohivyo zamani, naye aliuokota utotoni.

Alisukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Juu ya hori alikaa kurumbiza, kifua rangi ya kutu, akiinamisha kichwa na kupiga sauti zile tano bila kukosea hata moja. Kurumbiza ni mwigaji, hilo alilijua. Lilikuwa kwenye kitabu. Alitaka kucheka. Ndipo alipoona sakafu.

Maziwa yalikuwa yakidondoka. Ng'ombe wote tisa walisimama kimya, macho yamefumba nusu, na chuchu zikivuja matone mazito juu ya saruji. Hakuna aliyewagusa wala kuwaosha.

Alipindua ndoo akaikalia. Miaka minne! Siyo mikono yake waliyokuwa wakiijua. Siyo harufu yake, siyo moyo wake. Walikuwa wakijua sauti tano ambazo hata ndege anaweza kuzipiga.

Jioni ile alimwendea wifi jikoni. "Unajua kupiga mluzi?"

"Mimi? Nimekulia na kaka watano, nikilinda mahindi," alisema wifi. "Nikipiga mluzi nyani wanahama wilaya."

Jumamosi saa tisa, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, Mama Ndege alikuwa barazani saa ya kukamua. Alisimama kando ya kiti cha Baba, mikono ikiwa haijui pa kukaa. Kutoka bandani ukasikika mluzi, sauti tano, wa wifi, mkali kidogo kuliko wake. Kisha kimya. Kisha ile sauti ya maziwa yakipiga kitako cha ndoo tupu, halafu wifi akipayuka, "Wee! Yanakuja! Wifi, yanakuja!"

Baba hakushangaa. Alikaza mkono wake mzima kwenye kiti.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Kaniambia nini, Baba?"

Mzee aligundua alichosema, lakini kilikuwa kimeshatoka.

"Wewe ulijua," alisema binti.

"Mluzi ni wangu. Nilianza na bibi zao." Baba alijaribu kukunja midomo, pumzi ikatoka pembeni kwenye ule upande uliolegea, bila sauti. "Siku niliporudi kutoka hospitali nilijaribu. Nikajua mimi na ng'ombe basi."

"Miaka minne, Baba. Ukaniambia wananijua mimi."

"Ningekwambia, ungeondoka."

"Ungeniomba!" Alikuwa analia sasa, na sauti imepanda kiasi kwamba kule bandani wifi alinyamaza. "Ungeniomba tu, ningebaki!"

Baba alimtazama kwa jicho lake zima. "Anayeombwa anaweza kukataa," alisema.

Hakuomba radhi. Binti alichukua leso akamfuta mate kidevuni kama kila siku, kwa nguvu kidogo kuliko kila siku, akaingia ndani kutafuta lile begi.

Aliondoka Jumapili alfajiri, saa ya kukamua, taa ya wifi ikiwaka bandani. Baba alikuwa ameshaamka, kitini. Binti alimwamkia, mzee akaitikia. Njiani alipita malishoni. Kati ya mawe matatu hapakuwa na kitu zaidi ya maganda ya mayai, na mbele kidogo kitwitwi alikuwa akikimbia na vifaranga viwili nyuma.

Alikuwa ameshavuka geti mluzi uliposikika. Sauti tano, ya mwisho ikishuka. Miguu yake ilisimama yenyewe. Mkono wa kulia ulishuka pembeni, vidole vikajikunja kutafuta mpini wa ndoo, na mwili mzima ukaanza kugeuka kuelekea banda kabla yeye mwenyewe hajaamua lolote. Alitazama juu. Kurumbiza alikuwa kwenye nguzo ya uzio, akisubiri kama aliyetimiza wajibu wake.

"Hata mimi," alimwambia ndege yule, na akashindwa kujua anacheka au analia.

Alivuta geti, akasukuma komeo kama alivyozoea, ng'ombe wasitoke. Safari hii alilifungia kutoka nje.