Mnara wa Jina la Kuazima

"Valentine, naomba kutua," rubani aliniambia, nami nikamjibu, "Subiri, zunguka mara moja," kwa sauti iliyozoea kutiiwa. Ndege yake ilikuwa nukta ya kijani kwenye kompyuta yangu hapa Kibera. Rubani mwenyewe ni mzee mstaafu aliyeketi sebuleni kwake nchi za mbali, akiigiza urubani kama mimi ninavyoigiza uongozaji wa ndege. Tunaigiza, lakini kwa dhati. Na mimi siitwi Valentine. Naitwa Zeinabu Murjan.

Mtandao wetu wa waigizaji hao humsajili mwenye kitambulisho tu, na miaka mitatu iliyopita sikuwa nacho. Sisi Wanubi tunajua: wenzetu hupewa, sisi huhojiwa kwanza. Nilipeleka cheti cha babu, nikapeleka cha nyanya, nikaambiwa subiri. Basi nikaazima kitambulisho cha Valentine Nalianya, msusi aliyekuwa mpangaji wetu. Jina likawa lake, neno la siri likawa langu. Wallahi nilidhani ni kwa wiki mbili.

Kitambulisho changu kilitoka mwezi jana. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya mtandao: kabla ya kupandishwa cheo niongoze mnara wa Nairobi, nionyeshe uso na kitambulisho mbele ya kamera. Mtu mmoja, akaunti moja. Aliyeazima jina hufukuzwa milele. Nilisoma mara tatu nikitafuta upenyo. Haukuwapo.

Nikamfuata Valentine mtaani Kabiro, kule Kawangware alikohamia. Nilimkuta akisuka mteja.

"Zei! Niaje? Mbona umekonda?"

Nikamweleza. Akacheka.

"Hiyo tu? Si nitakaa hapo mbele, wewe uninong'onezee. Uso wangu, akili yako." Kisha vidole vikasimama kwenye nywele za mteja. "Na cheti cha hicho cheo kitaandikwa jina la nani?"

"Lako."

"Aii, Zei. Na mwakani wakiitisha uso tena?"

"Utakaa tena."

Akarudi kusuka. Nilimchukia kwa swali lile, maana nilikuwa nikilikimbia wiki nzima.

Alhamisi mchana, siku ya mtihani, akaja kwetu, midomo kaipaka rangi. Yeye akaketi mbele ya kamera, mimi nikajikunyata chini ya meza kama mwizi wa kuku. Mtahini akatokea kwenye skrini.

"Wewe ndiye Valentine Nalianya?"

Valentine akanitupia jicho. Jibu lilikuwa kweli tupu: ndiye. Magoti yaliniuma. Mfukoni nilikuwa na kadi niliyoisubiri miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kumwambia Zeinabu aionyeshe. Hasira zikanipanda. Nikatoka, nikamsukuma Valentine kwa bega, nikaiinua kadi mbele ya kamera.

"Valentine ni huyu. Sauti mnayoijua ni yangu. Naitwa Zeinabu."

Mtahini aliitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha.

"Subiri," akasema, akazima kamera.

Tukasubiri. Valentine akanishika mkono. Kwenye skrini, nukta moja ya kijani ilikuwa ikizunguka juu ya Nairobi, ikiomba kutua, na sikujua kama bado nilikuwa na ruhusa ya kuijibu.