Gauni la Jumamosi

Kila Jumamosi, wateja wakishachukua nguo zao, Mzee Pasi alifua gauni la marehemu mkewe. Chafu halikuwa. Nani angelichafua? Wiki nzima lilining'inia msumarini peke yake, kama yeye. Hata hivyo alilifua, akalitia wanga, akalianika, akalipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama, kisha akalirudisha pale pale. Mwaka wa nne huo.

Na alipofua, mdomo haukutulia. Alimlaani mkuu wa hospitali, aliyeifungia stoo mashine ya kupumulia, ufunguo akasafiri nao, mke wa mzee akafa akiisubiri.

"Wakubwa!" aliliambia karai. "Wao wakikohoa tu, wanapandishwa ndege."

Jumamosi moja mtawa wa Kibuddha, jirani aliyehamia juzijuzi, alifuata mavazi yake ya manjano, akalikuta gauni mezani.

"La mama?"

"Lilikuwa lake. Ebu niambie, nyie mnaoshinda mmefumba macho, dini yenu inasemaje kuhusu watu kama yule mkuu wa hospitali unayenisikia nikimlaani?"

"Inasema alikosa, na kosa lake litamfuata." Mtawa alikalia ndoo iliyopinduliwa. "Ila Buddha alifundisha kama daktari, mzee wangu. Kwanza alitaja ugonjwa: maisha yana mateso. Pili, chanzo: kung'ang'ania, kutaka kinachopita kisipite. Tatu, kwamba mtu anapona. Nne, dawa yenyewe: kutazama, kusema, kutenda na kutuliza moyo inavyopasa, siku hadi siku."

"Daktari tena! Nimewaona mie, wananitosha. Kwa hiyo nimsahau mke wangu?"

"La, mpende. Lakini nguo isiyovaliwa unaifua, unatafuta nini humo?"

Mzee Pasi alikuwa na jibu la jeuri. Akaikandamiza pasi begani mwa gauni, na kitambaa kikaachia, bila hata sauti, kama karatasi iliyolowa. Tundu la kiganja kizima.

Aliigusa pasi kwa kidole chenye mate. Moto wake wa kawaida. Akatafuta wa kulaumu: wenye sabuni, wenye kiwanda cha nguo, serikali. Nyuzi zilikuwa zimekwisha, basi. Mkewe alilivaa mara tatu tu. Mara mia mbili na ushee alilifua yeye.

"Siku tuliyomzika," alisema mwishowe, "lilikuwa na jasho lake. Harufu yake mwenyewe. Mikono hii ya kidobi, bwana... nililitumbukiza kwenye karai kabla sijafikiri. Tangu hapo namtafuta humo."

Mtawa alikaa naye mpaka mkaa wa pasi ukawa majivu.

Jumamosi iliyofuata Mzee Pasi hakuwasha mkaa. Gauni lilikuwa msumarini na tundu lake. Alimtukana mkuu wa hospitali mara moja, kwa mazoea, akanyamaza. Mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Akailaza mapajani, mitupu, akaisikiliza nyumba ilivyo kimya, na kwa mara ya kwanza akaiacha iwe kimya.