Manusura Amsamehe Papa

Bango lilibandikwa kwenye mlango wa maktaba, na juu yake palikuwa na uso wa kaka yangu akitabasamu. Chini ya kidevu chake waliandika kwa herufi nyekundu: MANUSURA AMSAMEHE PAPA. Nilisimama pale na sanduku la meno mikononi, damu ikinichemka. Papa asamehewe kwa kosa lipi?

Nijieleze kidogo, maana mtu akikasirika bila kueleza huitwa mwehu. Riziki yangu ni meno ya bandia. Siku tano kwa wiki nakaa kwenye chumba chenye vumbi la plasta, napokea vipande vya nta vilivyoumwa na watu nisiowajua, na kwa kutazama alama tu naweza kukwambia nani hutafunia upande mmoja na nani husaga meno usingizini. Jumamosi mimi ni balozi wa papa wa baharini, wa kujitolea, silipwi hata nauli. Navaa fulana ya buluu, naweka taya la papa mezani, nawaeleza watu kwamba papa hupukutisha meno na kuota mengine maisha yake yote, na kwamba sisi ndio tunaommaliza yeye, si yeye sisi. Wengi hucheka, hupiga picha na taya, huenda zao.

Katika mafunzo yetu mkufunzi alituonyesha picha mbili. Ya kwanza ilikuwa jeraha la mtu aliyeumwa na papa: matundu yaliyojipanga nusu mwezi juu na nusu mwezi chini, kama mkate uliomegwa kwa meno. Ya pili ilikuwa mgongo wa papa potwe, yule mkubwa mpole anayekula vijidudu vya majini, aliyepitiwa na rafadha, yale mapanga yanayozunguka chini ya injini ya boti. Mikato mitano, yote sambamba, yenye nafasi sawa kati yake. Wenzangu walisikitika, wakageuza ukurasa. Mimi nilishindwa kugeuza, kwa sababu mgongo ule ulikuwa mguu wa kaka yangu.

Kaka yangu huitwa Makombo, yaani kile ambacho papa alikibakiza. Alibandikwa jina hilo akiwa na miaka kumi na miwili, na sasa hata mkewe humwita hivyo. Siku ile tulikuwa tunaogelea gatini, nyuma ya boti ya kuvusha abiria, na nahodha wake alikuwa baba yetu. Baba aliwasha injini akarudi nyuma bila kutazama. Hiyo ndiyo sehemu isiyosimuliwa nyumbani kwetu. Kinachosimuliwa ni maji kugeuka mekundu, baba kujitosa na nguo zake, na mtoto kulazwa kwenye mbao akirudia neno moja. Nilikuwa na miaka minane, nimempakata kichwa. Alikuwa anasema, "Baba, baba." Watu wakainama wakiuliza anasemaje, na baba akawajibu, "Anasema papa."

Herufi moja tu, b ikawa p. Nilipobisha, mama alinifinya akaniambia masikio yangu yameingia maji. Hazikupita wiki mbili, wanaume walikuwa wamevua papa kumi na mmoja na kuwaning'iniza gatini mpaka wakaoza. Picha ya baba kando ya mkubwa wao imetundikwa sebuleni hadi leo, na hakuna mgeni anayekaribishwa kiti kabla ya kuonyeshwa. Nami kwa miaka thelathini na mmoja niliamini kwamba masikio yangu yaliingia maji. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mratibu wetu, aliyeandaa hafla ile ya maktaba, nilimwambia kwamba hadithi ya Makombo ina kasoro. Akanijibu kwamba watu wanapenda msamaha, na mwandishi wa gazeti ameshathibitisha kuja. Sikumweleza zaidi. Nilizitia zile picha mbili kwenye bahasha nikapanga yangu: Makombo akishasamehe, nitasimama nizionyeshe mbele ya baba, aliyewekewa kiti cha mbele kama mgeni rasmi. Nilitaka aumbuke mchana kweupe. Sikuwa na nia njema hata chembe.

Makombo alinikuta nyuma ya rafu za vitabu vya sheria. Akanitazama usoni, akaichukua bahasha mkononi mwangu bila kuuliza. Picha ya kwanza aliipitia tu. Ya pili aliishika kwa muda mrefu, kisha akapandisha suruali mpaka gotini na kuiweka kando ya mguu wake.

"Pole yake," alisema, akimwambia papa wa kwenye picha.

"Kaka, unaelewa ninachokuonyesha?"

"Mdogo wangu, mimi ndiye niliyesema. Unadhani sijui nilisema nini?"

Niliegemea rafu. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba baba alikaa naye hospitalini siku tisa, akimwosha na kumlisha kwa mkono wake, na kwamba nyumbani tulikuwa watoto sita tukilishwa na boti ile. Aliamua kungoja mpaka baba aseme mwenyewe. Akangoja, na kila mwaka papa wa baba akawa anaongezeka urefu.

"Na mimi niliyefanywa kiziwi?" nilimuuliza. "Na wale kumi na mmoja?"

"Najua." Akashusha suruali. "Tangu Jumatatu wameniambia nisamehe. Najiuliza nimsamehe nani, wakati hakuna aliyeniomba."

Akanirudishia bahasha. Akasema hanikatazi, ila nimwachie yeye atangulie.

Ukumbi ulijaa. Baba alikuwa na suti yake ya harusi za wajukuu, fimbo katikati ya magoti, tayari ameshawaeleza wa kiti cha nyuma kwamba papa alikuwa na mita sita. Makombo alipanda jukwaani, akaiacha hotuba aliyoandikiwa, akapandisha suruali, akaniita nilete taya. Nililiweka kwenye mguu wake kwa uangalifu uleule ninaotumia kupanga meno kwenye nta. Nusu mwezi ilikaa juu ya mistari mitano, na hapakuwa na jino hata moja lililogusa kovu lake.

Msichana wa shule aliyekaa mbele alinyoosha mkono. "Mbona hayalingani?"

"Umeona vizuri," Makombo alimjibu.

"Sasa nani alikuumiza?"

Makombo alisogeza kipaza sauti pembeni. Akamtazama baba, akalitamka neno lile taratibu, kwa sauti ileile ya kwenye mbao. Watu wa nyuma walisikia papa, wakatikisa vichwa kwa huruma, na mratibu akaanza kupiga makofi peke yake. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake, na masikio yangu yalikuwa makavu.

Baba alikuwa amekinga sikio kwa kiganja. Akakishusha. Mwandishi wa gazeti, aliyekaa kando yake na kalamu tayari, akamwinamia.

"Samahani, mzee. Amesemaje?"

Makofi ya mratibu yalikufa. Baba alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akajiinua kidogo kidogo mpaka akasimama wima, akatutazama mimi na kaka yangu. Bahasha ilikuwa kwapani mwangu. Niliibana hapo, nikamngoja ajibu.