Moto wa Kuamshia Ngoma

Mwaka wa tisini na mbili, chuo kilipofunga likizo ndefu, wenzangu wa sanaa walipelekwa field, mafunzo ya kazini, kwenye vikundi vya maigizo Dar es Salaam. Mimi nikapelekwa maktaba, Dodoma. Kazi yenyewe ilikuwa uendeshaji wa sanaa. Yaani ngoma hupigi, rangi hupaki. Wewe unatafuta wanaopiga na wanaopaka, unapanga viti, unamlainisha mwenye ukumbi. Sasa kaifanye hiyo kwenye jengo ambalo mtu akikohoa chumba kizima kinageuka.

Mkutubi wetu alikuwa Mama Emilia, mama wa makamo, mpole mpaka uguse vitabu vyake vibaya. Wiki ya kwanza niliandika tangazo nikalibandika mlangoni: WANAOPIGA MIAYO WAPIGE KWA ZAMU. Akalisoma, akaenda mezani kwake, akarudi na kalamu, akaongeza chini: FREDY AANZE. Nikajua hapa nimepata mwenzangu.

Nyuma ya chumba cha kusomea kulikuwa na ukumbi mdogo. Kila Jumamosi watoto wa mtaa wa Makole walijaa humo, Mama Emilia anawasomea hadithi, halafu wanachora, wanaigiza, wanapigana, wanapatana. Aliupenda ukumbi ule kuliko mshahara wake. Na ndio ulikuwa unaondoka. Siku zile kila kitu ruksa, na kila chumba cha serikali kilitakiwa kijilishe chenyewe. Kuna mfanyabiashara alikuwa anautaka aonyeshee video.

Bwana Sostenes, ofisa wa majengo, alimpa Mama Emilia nafasi moja tu. "Fanyeni shughuli Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alimwambia. "Nitakuja mwenyewe. Nikikuta umejaa, naandika unatumika, mnaachiwa. Nikikuta mtupu, mama, usinilaumu."

Mimi nikasema tulete muheme, ngoma ya Kigogo inayopigwa na akina mama. Muheme ukilia hakuna anayebaki nyumbani. Nikaenda Chamwino kumwona Mama Debora, kiongozi wa kikundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mhehe."

Akageukia wenzake uani. "Jamani, fungeni mbwa! Mtani kaja na njaa!"

"Mbwa mwenyewe nimekuta ameshakonda, mama," nikamjibu, "mnamlisha nini?"

Wagogo ni watani zetu, na utani wao mkubwa ni kwamba Wahehe tunakula mbwa. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi, wakakubali kuja.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya mwezi wa saba, na anayeujua mwezi wa saba wa Dodoma anajua ule upepo. Baridi, vumbi, na hauchoki. Hata hivyo watu walikuja. Watoto wakakaa mbele sakafuni, mama zao kwenye viti, watumishi wa ofisini wakasimama nyuma wamevaa masweta. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama Emilia alikuwa anapita katikati anagusa migongo ya viti kama anaviaga au anavipongeza, sikuelewa. Bwana Sostenes hajafika. Alikuwa na kikao.

Akina mama wakashusha ngoma zao. Mama Debora akaikandamiza moja kwa kidole gumba, ngozi ikabonyea kama shavu la mtoto.

"Zimelala," akasema. "Baridi ya njiani. Zinataka moto. Nyasi kidogo tu hapo nyuma, ngozi ikaze."

"Hapo nyuma hapana," Mama Emilia akajibu.

"Moto wa dakika moja, mwanangu."

"Nakuheshimu mama. Lakini ona upepo. Na dirisha lile vioo vimeshatoka, rafu za vitabu ziko pale pale."

"Sisi tunawasha karibu na ghala la mtama na halijaungua."

"Mtama mnavuna tena mwakani. Hivi vikiungua hakuna wa kuniletea vingine."

Nikamvuta pembeni. "Mama, mimi nitasimama na ndoo ya maji. Tukitoka humu ndani Bwana Sostenes atakuta nini?"

Alitazama ukumbi, akatazama lile dirisha. "Kawashieni ng'ambo ya barabara," akasema. "Halafu mrudi."

Tukavuka hadi kwenye kiwanja kitupu. Nyasi kavu zilikuwepo tele, moto ukashika, ngoma zikaota mpaka Mama Debora akizigonga zinamjibu. Tukarudi mbio, ngoma tumezifunika kwa kanga. Na wakapiga! Wimbo wa kwanza mabati yalitetemeka. Watoto walisimama wote. Nikachungulia barabarani: Sostenes hayupo. Wimbo wa pili, sauti ikaanza kushuka. Wa tatu, ngoma kubwa ikawa inalia kama mtu anayegonga godoro. Upepo ulikuwa unapenya kwenye dirisha lile lile tulilokuwa tunalilinda.

"Moto tena," Mama Debora akasema, akabeba ngoma yake.

Mimi nilidhani watatoka wapigaji tu. Lakini wewe ukimwona mama amekatisha wimbo, anaondoka na ngoma begani huku anaimba, utabaki kukaa kwenye kiti? Watoto walitoka kwanza, mama zao wakawafuata watoto, wenye masweta wakawafuata wote. Kule kiwanjani ngoma zilipokaza hakuna aliyefikiria kurudi. Moto uko pale pale, ngoma ikilegea inaoteshwa hapo hapo. Wenye maduka wakafunga, waendesha mikokoteni wakasimama. Vumbi likapanda juu kuliko paa la maktaba. Sijawahi kuandaa shughuli nzuri kama ile, na nilikuwa natamani ife.

Maana Bwana Sostenes alikuwa ameshafika. Nilimkuta mlangoni mwa ukumbi na Mama Emilia, wanatazama viti vitupu na kiatu kimoja cha mtoto.

Nikamnong'oneza Mama Emilia, "Nikitangaza kuna soda za bure ndani, unajaa sasa hivi."

"Soda ziko wapi?"

"Hilo watajua wakishakaa."

Alitabasamu. Naapa alilifikiria, nilimwona. Halafu akatikisa kichwa. "Hawa watoto nikiwaambia kitu huwa wanajua ni kweli, Fredy."

Basi akamgeukia ofisa. "Walikuwa humu. Wametoka kwa sababu nimekataa moto karibu na vitabu."

"Nakuamini, mama," Bwana Sostenes akasema, na hakuwa anadhihaki. "Na mimi pale nje nimecheza kidogo, tazama viatu vyangu. Lakini nimetumwa kuandika kama ukumbi unatumika. Nilichoona ni kwamba watu wanafurahi bila ukumbi."

"Andika basi na kwa nini walitoka."

"Hapo hakuna pa kuandika kwa nini."

Mwenye video alikabidhiwa funguo kabla sijamaliza field. Siku ya kuhamisha viti tulivibeba wawili, mimi na Mama Emilia, tukavipachika katikati ya rafu mpaka msomaji ikabidi apite ubavu. Nilikuwa na utani mwingi wa kusema, nikaumeza. Mwishowe nikamuuliza kama anajuta ule moto.

"Kila nikiupita mlango ule," akasema. "Ningewaachia wawashe, leo watoto wangekuwa humo."

"Kwa hiyo ungerudi nyuma ungeruhusu?"

Aliweka kiti chini, akakisogeza kidogo, akakisogeza tena. "Ningekataa," akasema. "Ndio maana nalia, Fredy. Ningekataa tena."

Kweli alikuwa analia, na mimi sikuwa nimeona. Nikakamata upande wa pili wa meza ya watoto, ile ndefu, naye akakamata wake. Mlangoni haikupita. Tukaigeuza ubavu, ikakwama. Tukailaza, tukaiinua, tukaijaribu miguu mbele.

"Iache humo humo," akasema, akipangusa uso kwa mkono wa gauni. "Watazamaji wa video wataniuliza ni ya nani. Nitawaambia ni ya watoto wa Jumamosi, nangoja watoto wenyewe waje waitoe."