Makumi Mawili Yaliyorukwa

Mwaka 1954 nilikuwa msaidizi katika dispanseri ya Kirolirwe, na kazi yangu ilikuwa kushika vichwa. Papa Viateur, muganga wetu, aling'oa meno kila Alhamisi. Mimi nilisimama nyuma ya kiti, paji la uso la mgonjwa likiwa katika viganja vyangu. Tulikuwa na koleo moja tu la magego. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: baada ya kila mgonjwa koleo lichemke dakika ishirini kamili, na mtu asilitoe kabla.

Saa ya mezani ilipoharibika, mimi ndiye niliyepata njia. Nilikuwa nimesoma shule ya jioni miaka mitatu, na sikupenda watu wasahau jambo hilo. Niliazima saa ya agronomu, bwana shamba wa serikali, nikampima Mama Pétronille, mjane aliyeongoza sala kijijini, akisali shapule nzima kwa mwendo wake wa kawaida, yale makumi matano ya Salamu Maria ya rozari. Dakika ishirini na mbili. Tangu hapo, maji yalipotokota, wagonjwa waliongoja barazani walisali pamoja naye, na walipomaliza koleo lilitolewa. Daktari wa serikali alipokuja kukagua alicheka, kisha akanipa mkono. Nilitembea na mkono ule wiki nzima.

Alhamisi moja ya Novemba walikuja sita. Wa kwanza alikuwa Ndayambaje, mchunga ng'ombe, ambaye gego lake lilikuwa limeoza hadi kwenye mfupa. Usaha ulipotoka, hata Papa Viateur aligeuza uso. Wa pili alikuwa Nyiramana, dada yangu mkubwa. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano, na alikuwa amemwacha kwa mama yetu. Gego lake lilikuwa na tundu tu. Lingeweza kungoja hata mwezi.

Koleo likaingia majini, maji yakatokota, sala ikaanza. Mlima ulikuwa umekwisha kufunikwa na wingu jeusi, na upepo ulikuwa umekoma kabisa. Mzee Straton aliguna barazani akishika shavu.

"Mama Pétronille, fupisha kidogo. Mungu anasikia hata ya mufupi. Hii jino iko inaniua."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole, kwa mazoea. Kumi la kwanza, la pili, la tatu. Kisha nikasikia sauti ya Mama Pétronille ikipanda katika sala ya kumalizia, na wote wakasema amina.

Papa Viateur akanyoosha mkono kwenye sufuria.

"Papa," nikasema, "shapule haiyaisha."

"Haiyaisha namna gani? Wamesema amina."

"Wameruka makumi mawili. Nimehesabu."

Akageukia mlango. "Mama Pétronille, huyu mwalimu anasema umeiba sala."

Mama Pétronille akaja mlangoni. Hakuwa na hasira. "Mutoto wangu, niliona bantu banaumia, mvua nayo iko karibu. Bikira anajua kuhesabu kuliko weye."

"Mumuache," akasema Straton nyuma yake. "Kule jioni banamufundisha kuhesabu nywele za Papa Viateur. Hiyo hesabu haichoshe."

Papa Viateur alikuwa na kipara. Hata yeye alicheka. Nyiramana, aliyekwisha kukaa kitini, akanivuta mkono wa shati.

"Kaka, usinipatishe haya mbele ya bantu. Acha angoe. Mutoto iko na njaa."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema: kipimo changu ni kibaya, sala ya watu si saa, lirudisheni koleo majini. Kulisema neno hilo kulikuwa kuurudisha ule mkono wa daktari mbele ya baraza zima. Nikakishika kichwa cha dada yangu. Nilikishika vizuri. Hakikutikisika hata kidogo.

Baada yake alikaa Rosalie, jirani wa Straton, kisha Straton mwenyewe, kisha wengine wawili. Kila mara sala ilikuwa makumi matatu, na mimi sikusema tena.

Jumamosi Nyiramana alishindwa kufungua kinywa. Jumapili chini ya taya palikuwa pamevimba na kukakamaa kama ubao, na alimnyonyesha mtoto akiwa ameketi, kwa sababu akilala pumzi inakwama. Papa Viateur alibonyeza shingo yake. Kidole hakikuingia.

"Hospitali," akasema, bila kunitazama.

Hospitali yenye penisilini ilikuwa mwendo wa siku nzima, ng'ambo ya mto. Jumatatu asubuhi tulimweka kwenye kipoyi, wanaume wanne wakambeba mabegani. Faustin, mume wake, alikuwa mbele. Tulipofika kwa Rosalie, tulimkuta uani akipukuchua maharage. Alikuwa amefunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Alitusalimu bila kuachanisha meno.

"Ni baridi tu," akasema.

Nikasimama. Juu kidogo, mlango wa Straton ulikuwa umefungwa, saa ambayo mzee yule huwa nje akigombeza mbuzi.

"Callixte, tembea," akasema Faustin. "Mto unajaa."

"Endeni. Mimi nabaki."

"Unabakia nini? Dada yako iko anakufa."

"Koleo halikuchemka," nikasema. "Nilijua. Lilimwingia Nyiramana, likamwingia huyu Mama, likamwingia Straton na wale wawili. Papa Viateur hatawaambia. Lazima waende wakati miguu bado inawabeba."

Rosalie akaacha maharage. Faustin alinitazama, mti wa kipoyi begani. Nadhani kama mikono yake ingekuwa huru, angenipiga. Nyiramana alikuwa amefumba macho, na sikujua kama amesikia. Wakaenda.

Nikamwambia Rosalie achukue nguo ya baridi awafuate upesi. Kisha nikapanda.

Wabebaji waliniambia baadaye kwamba katikati ya mto Nyiramana alitaja jina langu mara moja, kwa taabu, na Faustin akamjibu kwamba niko nyuma, nakuja. Dada yangu hakusema neno lingine tena. Wakati huo mimi nilikuwa mbele ya mlango wa Straton, nikibisha kwa mara ya tatu.